Kipande Shingoni: Ofisi Ilivyowatawala Vibarua wa Kenya

Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika wa Kenya ilipitishwa mwaka 1915, lakini Vita Kuu vikaichelewesha hadi 1919 na 1920. Ndipo kila mwanaume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipotakiwa kuchovya vidole kwenye wino na kupewa kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi.

Miaka hiyohiyo huko Ujerumani, mwanasosholojia Max Weber, aliyefariki Juni 1920, alikuwa akiandika juu ya urasimu. Alieleza kwamba nguvu za utawala wa kisasa hazitokani na mila wala na mvuto wa kiongozi, bali na kanuni zilizoandikwa, ngazi za vyeo, makarani wa mshahara na mafaili. Afisa akihamishwa, faili linabaki. Mwenye cheo haamui kwa chuki wala kwa mapenzi, na ofisi inayowajua watu imekwisha kuwatawala.

Kipande kilifanya kazi namna hiyo hasa. Kibarua aliyeondoka shambani kabla mwajiri hajatia sahihi ya kumwachisha alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Akibadili jina, vidole vilimfichua. Mwajiri mpya naye aliusoma mshahara wa zamani kabla hajataja wake, basi kudai nyongeza kukawa kugumu.

Ndiyo maana Weber anapaswa kusomwa kwa makini. Kanuni yaweza kufuatwa bila upendeleo wowote, na bado ikawa imetungwa kwa ubaguzi. Karani hakuhitaji kumchukia mtu. Sheria ilikwisha kuamua nani avae kikopo na nani asivae.

Aliyelipinga jambo hilo hadharani alitoka ndani ya ofisi zenyewe. Harry Thuku alikuwa mpokea simu katika Hazina ya serikali, Nairobi. Mwaka 1921 aliongoza chama cha East African Association, akipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akiwahimiza wanaume wasirudi nyuma. Polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, naye Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Waandamanaji walisema waliokufa ni wengi zaidi. Thuku akahamishiwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani.

Kipande kiliendelea robo karne nyingine. Sheria ya 1947 ilipotaka watu wa rangi zote waandikishwe kwa alama za vidole, masetla walipinga vikali. Kuchovya vidole kwenye wino, walisema, ni kudhalilishwa.