Dalali na Mwenye Nyumba: Tangu Madina Hata Mombasa

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia mtu wa mtaani kwetu, akakaa barazani, akaniuliza: "Sheikh, nyumba yangu nataka kuiuza. Niiuze mwenyewe au nimpe dalali?" Nikamjibu kwa haraka kuwa yote mawili ni halali. Yeye aliridhika, akaenda zake. Mimi sikuridhika. Jibu lilikuwa sahihi lakini fupi mno, na jambo hili lina historia ambayo yafaa ndugu zetu waijue kabla ya kutia saini.

Tuanze Madina. Imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari habari ya Abu Rafi', mtumwa aliyeachwa huru na Mtume (S.A.W.). Alikuwa na vyumba viwili ndani ya nyumba ya Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Alipotaka kuviuza hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwa Saad, akamtaka avinunue. Saad akakataa. Miswar bin Makhrama, aliyekuwapo pale, akamshikilia Saad anunue, wala haikutajwa kuwa alidai ujira kwa kazi hiyo. Saad akasema hatatoa zaidi ya elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafi' akamweleza kuwa kuna aliyekwisha mtajia dinari 500. Tukizipima kwa hesabu ya Zaka, ambayo dinari 20 ni sawa na dirham 200, hizo ni dirham 5,000. Hata hivyo akamwuzia Saad kwa elfu nne, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa ule ukaribu wake.

Sisi Mashafii shufaa twampa mshirika ambaye fungu lake halijagawanywa, hatumpi jirani. Mahanafi humpa na jirani. Hayo ni ya darsani. Ninalotaka msomaji alione ni kuwa Abu Rafi' aliweza kuiacha elfu nzima kwa sababu alisimama mwenyewe mbele ya mnunuzi. Dalali hawezi kukuachia elfu ya mtu mwingine. Yeye ametumwa kutafuta bei.

Madalali nao walikuwapo zama hizo. Waliitwa samasira, neno ambalo asili yake si Kiarabu. Sahaba Qays bin Abi Gharaza ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) aliwapita sokoni akawaita kwa jina lililo zuri kuliko hilo, wafanya biashara, akawausia wachanganye biashara yao na sadaka, kwani haikosi maneno ya upuuzi na viapo. Basi kazi haikuharamishwa. Kilichokatazwa ni mtu wa mji kumwuzia mtu wa shamba, na Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa maana yake alisema asiwe dalali wake. Kadhalika ilikatazwa najash, yaani mtu kupandisha bei naye hana nia ya kununua. Hila hiyo ingali hai. Mara ngapi twasikia kuwa "kuna mwingine ameshaahidi zaidi", na huyo mwingine hajazaliwa!

Katika kizazi cha Tabiina, Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Ibn Abbas mwenyewe hakuona ubaya mtu kumwambia mwenzake: uza nguo hii, kitakachozidi bei kadha ni chako. Hiki ndicho vijana wa leo wakiitacho "cha juu". Wanachuoni wengi waliokuja baadaye hawakukipenda, kwa kuwa ujira wenyewe haujulikani ni kiasi gani. Lakini hata kwa yule aliyekiruhusu, mwenye mali ndiye aliyekitamka kwa kinywa chake. Cha juu asichokijua mwenye nyumba hakuna aliyekihalalisha.

Zama za Salahuddin Ayyubi, Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza wakaguzi wa masoko, na madalali akawawekea mlango wao. Dalali asizidishe bei kwa hiari yake, asifanye shirika ya siri na mwenye duka, na akijua aibu ya bidhaa amwambie mnunuzi. Mtu haandiki makatazo kama haya ila ameyaona yakitendeka.

Pwani yetu ilikuwa na desturi yake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta kila mfanya biashara anayeshuka chomboni hupokewa na mwenyeji, na mwenyeji huyo ndiye amwuziaye na amnunuliaye. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemwuzia mwenyeji wake hayupo, biashara yake ilirudishwa. Tazama basi: Madina mgeni alikingwa na dalali, na Mogadishu alikingwa kwa dalali. Tofauti ni kuwa yule wa Mogadishu alimlaza mgeni wake nyumbani kwake na kumlisha, na mji mzima ulimjua.

Sasa niseme langu, ingawa si la kujisifu. Mwaka 1994 mimi na ndugu zangu tuliuza nyumba ya marehemu baba yetu hapa Mombasa. Tuliona haya kukaa na watu kuvutana bei ya nyumba tuliyozaliwa, tukampa dalali. Alituletea shilingi laki tano, tukamlipa haki yake, tukagawana kwa mafungu ya Sharia: mama thumni yake, sisi wanawe kilichobaki. Miaka kadha ikapita. Siku moja yule mnunuzi akaniambia msikitini kuwa alitoa laki tano na themanini elfu. Nilimwona mama mbele ya macho yangu, aliyekuwa akihesabu fungu lake kwa dawa.

Lakini mnunuzi hakumaliza. Akaniuliza, kwa upole, kama tulijua kuwa ukuta wa nyuma hunywa maji kila masika. Tulijua. Baba aliupiga lipu mara mbili. Sikumwambia kwa sababu sikukutana naye, na nafsi yangu ikanituliza kuwa kusema ni kazi ya dalali. Yule alituficha bei, nasi tulimficha mwenzetu ukuta. Nilimlipia fundi. Zile themanini elfu sikuzipata hata leo.

Bunge la Kenya lilitunga mwaka 1984 sheria ya mawakala wa kuuza nyumba na ardhi, nao hutakiwa waandikishwe. Anayetaka dalali aanze kwa kuuliza kama jina lake limo katika daftari hilo. Hapa Mombasa pana jingine: nyumba nyingi ni nyumba bila ardhi, mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi. Mnunuzi atokaye bara huenda hajapata kusikia habari hiyo, na asiyemweleza mapema amemwuzia ugomvi.

Yule bwana amerudi juzi. Safari hii sikufanya haraka. Nilimwambia, akimtaka dalali, aandike katika karatasi bei asiyoshuka, ujira wenyewe kwa hesabu, na aibu zote za nyumba. Na siku ya kulipana wote watatu wakae meza moja, mnunuzi ahesabu fedha mbele ya mwenye nyumba. Kisha nikamwuliza kama jirani yake amekwisha pata habari kuwa anauza. Akasema bado.