Sini: upote uliogeuka mfuko

Jamani, leo tuzungumze hesabu kidogo. Msikimbie!

Mliopita sekondari mnaikumbuka sini, ile ya pembetatu mraba. Wengi tuliikariri tukiamini ni mali ya Wazungu. Kumbe neno lenyewe lilifika Ulaya likiwa limeshatembea sana.

Mwaka 499 mwanahisabati wa India, Aryabhata, aliandika kitabu chake kwa Kisanskriti. Wahindi walikiona kipande cha mzingo wa duara kama upinde, na mstari unaounganisha ncha zake mbili kama upote, yaani ile kamba inayorusha mshale. Katika hesabu zake Aryabhata alihitaji nusu tu ya kamba hiyo: ardha-jya, nusu upote. Likafupishwa kuwa jya, au jiva, ambalo nalo ni upote.

Karne ya 8 elimu hiyo ikaingia Baghdad. Kiarabu hakina sauti ya v, hivyo jiva likawa jiba, neno lisilo na maana yoyote kwa Mwarabu. Tena liliandikwa bila irabu fupi: j-y-b. Hapo ndipo penye mambo. Nikikuandikia k-t kwa Kiswahili, utasoma kiti, kata, kuta au kete? Msomaji hushika neno analolijua. Wao wakashika jayb, yaani mfuko, au uwazi wa vazi kifuani.

Karne ya 12 watafsiri wa Toledo, Hispania, akiwamo Gerard wa Cremona (alifariki 1187), wakaligeuza kwa Kilatini: sinus. Mkunjo wa nguo, kifua, hata ghuba ya bahari.

Wapo wanaomcheka Gerard eti alikosea. Mimi namtetea. Waarabu wenyewe walikwishaizoea jayb, na mpaka leo anayesoma hesabu kwa Kiarabu husema hivyo hivyo. Gerard alitafsiri kilichokuwa mbele yake, basi.

Kinachoniudhi ni vile vitabu vinavyotaja Wagiriki peke yao. Ni kweli Ptolemy wa Alexandria alikuwa na majedwali yake, lakini yeye alitumia kamba nzima. Kuikata nusu ni kazi ya Wahindi.

Sisi tukaipokea sini kupitia Kiingereza. Ila kamba haikutupotea kabisa, maana pembe tunazipima kwa nyuzi! Tungemfuata Aryabhata, mwalimu angeuliza nusu upote wa pembe ya nyuzi 30 ni ngapi, na jibu lingebaki lile lile, 0.5.