Namba Chini ya Kijumba cha Pwani

Chini ya picha nyingi za vijumba vya pwani, vile vyenye dirisha linalong'aa kwa taa na njia ya mawe inayoteremka baharini, pana maandishi madogo ya penseli: kulia saini ya msanii, kushoto namba kama 27/100. Yaani nakala zilizotolewa ni mia, na hii imepewa namba 27. Anayeinunua hulipia mchoro na ahadi pia: kwamba ya 101 haitatokea.

Zamani ahadi hiyo haikuhitajika. Msanii alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba, asidi ikala mistari, wino ukajazwa humo, kisha karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa mashine. Shaba ni laini, na kila karatasi iliondoka na kidogo cha ukali wa mistari. Bamba lililochorwa kwa sindano kavu, bila asidi, lilitoa nakala chache tu zenye weusi mzito wa mahameli. Mchoraji wa Uholanzi Rembrandt alichora nyumba za wakulima kandokando ya Amsterdam katika miaka ya 1640, na chapa zake, yaani nakala zilizochapwa hivyo, hazina namba. Kikomo kiliwekwa na shaba yenyewe.

Katikati ya karne ya 19 mafundi waligundua namna ya kulivika bamba utando mwembamba wa chuma kwa nguvu ya umeme. Bamba moja likaweza kutoa maelfu ya nakala, na uchache ukawa hiari ya binadamu. Huko London wauzaji wa chapa walikwisha kuunda chama mwaka 1847, kikigonga mihuri kwenye nakala bora ili mnunuzi awe na uhakika.

Miongoni mwa walioipa saini uzito wake wa leo ni msanii James McNeill Whistler. Mwaka 1879, akiwa amefilisika, alitumwa Venice na Fine Art Society, wauzaji wa sanaa wa London, achonge mabamba 12 ya mandhari ya mji ule wa majini. Kila bamba lilipangiwa nakala 100. Alipenda kuchapa kwa mikono yake mwenyewe, hivyo kazi ilijikokota kwa miaka. Alizipunguza karatasi hadi kwenye ukingo wa mchoro, akabakiza kipande kidogo cha kuweka alama yake ya kipepeo kwa penseli. Penseli ile ilithibitisha kwamba mkono wa msanii ulifika pale, na ndiyo maana inastahili heshima.

Namba ikageuka biashara. Miaka ya 1920 chapa za Uingereza zilinunuliwa kama hisa, mpaka anguko la mwaka 1929 likazizamisha bei. Saini nayo ilipotezewa thamani na baadhi ya wasanii wenyewe: mwaka 1974 forodha ya Ufaransa ilikamata lori dogo lililokuwa likielekea Andorra na karatasi tupu 40,000, zote zimeshatiwa saini ya mchoraji Salvador Dalí. Kufikia wakati huo jimbo la California, Marekani, lilikuwa limekwisha kutunga sheria inayomtaka muuzaji aeleze idadi ya nakala na namna zilivyotengenezwa.

Ni katika jimbo hilohilo mchoraji Thomas Kinkade, aliyezaliwa Sacramento mwaka 1958, alipojipatia jina kwa vijumba vyenye mwanga, minara ya taa na mitaa ya Carmel kando ya Pasifiki. Mchoro mmoja uliuzwa kwa karatasi na kwa turubai, kwa vipimo mbalimbali, na kila toleo lilikuwa na hesabu yake. Ukizijumlisha, nakala hufika maelfu, ingawa kila moja ina namba halali. Wasaidizi waliofunzwa waliongeza madoa ya rangi kwa brashi juu ya turubai zilizochapwa. Waliozipenda walizipenda kwa dhati, na hakuna ubaya wowote katika kutamani utulivu wa kijumba kile. Kosa ni kuuziwa uchache usiokuwepo. Kinkade alifariki Aprili 2012. Picha mpya zinaendelea kutolewa kwa jina lake, zikiwa na namba chini.