Fizi na Baraka: mgomba uliosimama juu ya choo cha zamani

BARAKA – Mgomba unaostawi kuliko mingine nyuma ya nyumba mara nyingi una habari yake: chini yake palikuwa choo. Shimo likijaa, hufukiwa kwa udongo na jivu, mgomba hupandwa juu, na choo kingine huchimbwa pembeni. Mgomba hula mbolea ile. Tena ni alama: hapa msichimbe.

Wakati wa Wabelgiji, vijiji vilikusanywa kando ya barabara, na wakubwa wa serikali wakawa wanakagua kama kila nyumba ina choo. Fosi septiki zilikuwa za nyumba za wakubwa na za misioni. Aliyeanzisha fosi ya namna hiyo ni Mfaransa Jean-Louis Mouras, karibu mwaka 1860. Kazi yake ni nyepesi kueleza: uchafu mzito hutulia chini na kuoza, maji hutoka kwa bomba na kunywewa na udongo.

Kisha vita. Mwaka 1996, na tena 1998, maelfu ya watu wa Fizi walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, wakaishi katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Oktoba 2005, HCR ilianza kuwarudisha kwa meli hadi Baraka. Wengi walikuta nyumba zimeanguka na pori limefunika kiwanja. Choo cha baba kilikuwa wapi? Aliyejua alikwisha kufa, au alibaki kambini. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu angejuaje?

Swali hilo si dogo. Kipindupindu hakijaacha mwambao huu kwa miaka mingi. Anayechimba kisima karibu na shimo la zamani anaweza kunywesha jamaa yake ugonjwa. Na ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021, halafu tena 2024, maji yaliingia viwanjani na kuchanganyika na vyoo vya mabondeni.

Kwa hiyo desturi ya wazee ingali na faida, ila shimo lililofungwa na fosi inayotumika havifanani. Juu ya shimo lililofukiwa, mgomba ni mzuri. Juu ya fosi inayofanya kazi, panda majani mafupi au maua tu. Mizizi ya mgomba au ya avoka inaweza kuharibu fosi na kuziba bomba. Lenga-lenga, sombe na viazi visipandwe juu ya vyote viwili. Javeli nyingi isimwagwe ndani, maana inaua vijidudu vinavyoozesha uchafu. Kisima kikae mbali, angalau mita 30.

Na familia inayolazimika kukimbia tena, au inayowapokea waliohamishwa na vita, iwaonyeshe watoto na wageni mahali pa mashimo yote, ya zamani na mapya. Nyumba huanguka na mgomba hukatwa; shimo linabaki palepale.