Barabara Iliyobeba Bomba: Usafirishaji wa Mafuta na Vifaa vyake kutoka Dar es Salaam hadi Ukanda wa Shaba, 1965–1968

Historia ya bomba la mafuta la TAZAMA huelezwa mara nyingi kama historia ya siasa na ya uhandisi: nchi isiyo na pwani ilinyimwa mafuta na jirani yake wa kusini, ikashirikiana na jirani wa kaskazini kufukia bomba hadi baharini. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaacha swali moja la msingi: vifaa vya bomba hilo vilifikaje porini? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kabla bomba halijaipunguzia barabara mzigo, barabara ililazimika kubeba mafuta na bomba lenyewe kwa wakati mmoja.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru nchini Rhodesia. Hadi wakati huo Zambia ilipata mafuta yake kutoka kiwanda cha kusafishia cha Feruka, karibu na Umtali (leo Mutare), kwa njia ya reli. Uingereza ilipotangaza vikwazo vya mafuta mwezi Desemba, utawala wa Smith ulijibu kwa kuikatia Zambia mafuta. Serikali ya Rais Kenneth Kaunda ikabaki na migodi ya shaba, iliyokuwa tegemeo kuu la uchumi wake, bila njia ya uhakika ya kuipatia mafuta. Petroli ikaanza kugawiwa kwa kipimo.

Msaada wa kwanza ulikuja kwa ndege, na hapo Kongo ilishika nafasi ambayo haikumbukwi sana. Katika miezi ya mwanzo ya 1966 ndege za Kanada na za Marekani zilipakia mafuta Léopoldville na kuyapeleka Élisabethville, ili yaendelee hadi Zambia. Njia ya anga ilihitajika kwa sababu njia ya chini ndani ya Kongo ilikatika katikati: mizigo ilipita mtoni Kasai hadi Port-Francqui (leo Ilebo), ikashushwa na kupakiwa upya kwenye garimoshi. Ndege za Uingereza nazo zilibeba mafuta kutoka Afrika Mashariki. Hata hivyo, ndege huteketeza mafuta mengi ili kufikisha mafuta machache, na njia hiyo haikuweza kulisha uchumi wa nchi nzima kwa muda mrefu.

Ilibaki barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, mahali inapokutana na reli ya Zambia, ni zaidi ya kilomita 1,600, na wakati huo sehemu kubwa yake ilikuwa ya udongo na changarawe. Msukosuko huo ulianza katika majira ya mvua, ambapo malori yalizama topeni au kuteleza kwenye miteremko kama ule wa Kitonga, kabla ya Iringa. Magazeti ya Kiingereza yaliipa safari hiyo jina la mbio za jehanamu. Madereva na matanboi kadhaa walipoteza maisha yao humo.

Katika uchukuzi wa namna hiyo, ugumu wa barabara ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni mzigo wa kurudi. Lori la tangi likishamwaga mafuta Zambia hurudi tupu, na gharama ya safari mbili huangukia shehena moja. Lori la kawaida lililopakia mapipa ya lita 200 liliweza kuyashusha na kurudi pwani na shaba. Ndiyo maana pipa, ingawa huvuja, hugongwa na huchosha mikono ya wapakuzi, lilikuwa na faida yake. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na wabia wa Kiitalia, ziliunda kampuni ya malori iliyoitwa Zambia-Tanzania Road Services, ambayo kazi yake ilisimama juu ya kanuni hiyo: mafuta na bidhaa kwenda, shaba kurudi.

Ujenzi wa bomba uliingia katika mpango huu ukiwa na masharti tofauti. Kazi ilipewa Snamprogetti, kampuni ya shirika la ENI la Italia. Bomba lilikuwa na urefu wa kilomita 1,710 na upana wa inchi 8, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mtu akikadiria uzito wa kilo 25 tu kwa kila mita, chuma hicho kinazidi tani 40,000, bila kuhesabu pampu, vali, matangi na mashine za kuchimbia. Mabomba hayashushwi kwenye ghala moja. Hupangwa kando ya mtaro, mbele ya wachomeleaji, na kuchelewa kwa lori moja huweza kusimamisha kikosi kizima. Reli ya TAZARA, iliyokamilika 1975, haikuwapo bado. Hivyo katika eneo kubwa lisilo na reli, kila kipande kilipaswa kupita juu ya barabara ileile iliyokwisha kuchakazwa na mapipa.

Bomba lilifunguliwa mwezi Septemba 1968. Mwanzoni lilipitisha mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Tangu 1973, kiwanda cha Indeni kilipofunguliwa Ndola, likapitisha mafuta ghafi. Na mwaka 2023 likarudia kazi yake ya awali, likisafirisha dizeli. Barabara nayo ilitiwa lami, na kanuni ya mzigo wa kurudi haikufa. Shaba ya Katanga na Lualaba hupita Kasumbalesa na Tunduma kuelekea Dar es Salaam, na malori hurudi Kongo na mafuta na bidhaa.

Jina TAZAMA ni kifupisho cha Tanzania, Zambia na Mafuta, nalo kwa Kiswahili ni amri ya kuangalia. Mwanahistoria anayeitii amri hiyo atalikuta bomba limefukiwa ardhini. Kinachoonekana juu yake ni barabara, na kazi ya watu walioifanya ibebe zaidi ya uwezo wake ingali inastahili kuandikwa.