Alunguli, ng'ambo ya mto: barza inahitaji daftari

Ukitazama ramani ya Kindu utaona mji uliogawanywa na mto Lualaba. Komini mbili, Kasuku na Mikelenge, ziko ukingo wa kushoto pamoja na stesheni ya reli, uwanja wa ndege na ofisi kuu za jimbo la Maniema. Komini ya tatu, Alunguli, iko peke yake ukingo wa kulia. Mto umechangia hali hiyo, lakini uamuzi wa watu umechangia zaidi. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 chini ya tajiri wa Ubelgiji Baron Édouard Empain, ilijenga njia ya kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo, ikaimaliza mwishoni mwa 1910, na hapa Kindu kituo chake kikawekwa ukingo wa kushoto. Mji ukaitwa Port-Empain, ukakua upande wa treni, na daraja halikujengwa. Tangu hapo mchele, mihogo, mawese, baiskeli, mgonjwa mahututi na mwanafunzi mwenye mtihani ng'ambo, vyote hupita katika mitumbwi ya kasia au ya mashine. Mahali pa namna hii barza, yaani mazungumzo ya wananchi kuhusu shule, afya na historia yao, ni sehemu ya utawala wenyewe. Historia ya Maniema inaonyesha kwamba mazungumzo hayo huzaa matunda yanapokuwa na mambo mawili: uwezo wa kuamua juu ya mali, na kumbukumbu iliyoandikwa.

Watu wa Maniema hawakufundishwa kujadiliana na wageni. Kwa Walega, ambao wengi wa upande huu wanaishi Pangi, malezi ya mtu mzima yalikuwa mikononi mwa Bwami, jamii ya madaraja ambayo mtu aliipanda hatua kwa hatua. Katika vikao vyake, vinyago vya pembe, mbao na mifupa viliwekwa mbele ya watu, na kila kimoja kilifafanuliwa kwa methali, wimbo na mjadala kuhusu kiasi, heshima na ubaya wa tamaa. Wanawake nao walikuwa na madaraja yao ndani yake. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Bwami. Katika miji ya mto kama Nyangwe na Kasongo, mafunzo ya Kurani yalikuwepo tangu zama za wafanyabiashara wa pwani, na watawala Wabelgiji waliyatazama kwa shaka. Shule zenye kutambuliwa na serikali zilikabidhiwa wamisionari kufuatia mkataba wa Mei 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani, uliowapa ardhi ili nao wafundishe watoto. Wazazi wengi Waislamu walikaa mbali, wakihofia watoto wao kubatizwa. Jimbo lenye Waislamu wengi kuliko majimbo mengi ya Kongo likachelewa kupata wasomi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba mambo ya shule yaliamuliwa bila wazazi.

Baada ya uhuru, wazazi walirudi kwenye meza ya mazungumzo kwa mlango wa dhiki. Rais Mobutu alizitaifisha shule za dini mwaka 1974, kisha kwa mkataba wa Februari 1977 akarudisha uendeshaji wake kwa makanisa. Baadaye Waislamu nao wakapata mkataba wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipofilisika na walimu kugoma kwa kukosa mishahara, ilikubaliwa kwamba wazazi wachangie motisha ya mwalimu. Mpango uliokusudiwa uwe wa muda ukadumu zaidi ya robo karne. Katika miaka hiyo, ikiwemo ile ya 1998 hadi 2003 ambapo Kindu ilishikwa na waasi wa RCD, mchango wa mzazi ndio uliobeba sehemu kubwa ya gharama za shule. Mkutano mkuu wa wazazi mwanzoni mwa mwaka wa masomo ukawa na mzigo mzito: kukubaliana kiasi cha mchango, kuamua hatima ya yatima, na kutafuta fungu la walimu waitwao NU, wanaofundisha kila siku ilhali majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara ya serikali. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua kamati ya wazazi, COPA, na kamati ya uongozi wa shule, COGES, yenye kazi ya kusimamia fedha.

Hapa lazima nikubali pingamizi zito. Mikutano hiyohiyo iliyookoa shule ilihalalisha michango iliyowafukuza watoto wa maskini. Mzazi asiye na franga mfukoni hakuwa na sauti sawa na mwenye duka, na walimu wakuu wengine waliifanya COPA kuwa mhuri wa kupitisha yale waliyokwisha kuyapanga. Ni kweli, na ndiyo maana elimu ya msingi ya bure, iliyoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 na kuanza kutekelezwa Septemba 2019, ilikuwa haki iliyocheleweshwa mno. Lakini tuangalie penye kosa. Mkutano ulipokuwa mhuri tu, mara nyingi wazazi hawakuonyeshwa hesabu: kiasi kilichokusanywa, nani alilipwa, nini kilibaki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu ya bure haijaondoa haja ya daftari hilo, kwa sababu madarasa yamejaa, walimu wa NU wangali wanasubiri, na fedha za uendeshaji zinazotumwa kutoka Kinshasa zinahitaji macho ya watu wa karibu. Wazazi wakiacha kukutana kwa kuwa hakuna tena ada ya kujadili, watakuwa wameachia usimamizi wakati unapohitajika zaidi.

Upande wa afya Maniema ina mfano uliofundisha dunia, ingawa watu wake wengi hawausikii shuleni. Mwaka 1971, miaka saba kabla ya mkutano wa Alma-Ata uliotangaza huduma ya afya ya msingi, madaktari Wakongo na Wabelgiji wakishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp walianza Mradi wa Kasongo, kusini mwa Kindu. Badala ya kumsubiri mgonjwa afike hospitalini akiwa hoi, walijenga mtandao wa vituo vidogo vyenye wauguzi waliofundishwa kufuata utaratibu ulioandikwa, na wakazungumza na wananchi kuhusu namna ya kuviendesha. Watoto walifuatiliwa nyumba kwa nyumba, uzazi na vifo vikaandikwa. Kutokana na maandishi hayo, mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Kasongo uliodai kwamba uhai uliookolewa na chanjo ya surua ulionekana kupungua kadiri watoto walivyokua, kwa sababu magonjwa mengine yaliwachukua baadaye. Watafiti wengine walipinga tafsiri hiyo, na leo faida ya chanjo ya surua haina ubishi. Swali lililoibuliwa bado lina uzito: mtoto aliyechanjwa lakini hana chakula cha kutosha, maji safi wala kituo cha karibu, amelindwa kiasi gani? Jambo hilo lilijulikana kwa sababu watu walikubali kuhesabiwa na hesabu ikatunzwa.

Mafunzo ya Kasongo yalisaidia kuunda mfumo wa nchi nzima. Katika miaka ya 1980 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iligawanywa katika zoni za afya 306, na mwaka 2003 zikafanywa 515. Maniema ina 18, na Alunguli ni mojawapo, yenye uongozi wake mbali na zoni ya Kindu. Kwa wakazi wa ukingo wa kulia, hilo ni jambo la uhai. Zoni kwa kanuni ina hospitali kuu ya rufaa, na mama anayevuja damu usiku baada ya kujifungua hawezi kusubiri mtumbwi na mpiga kasia. Kila eneo la afya lina kamati ya maendeleo, CODESA, yenye wajumbe kutoka mitaani, na wapo wahamasishaji wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Kamati hizo zikiitwa tu kutangaza kampeni ya chanjo, hugeuka kuwa spika. Zikipewa kuona akiba ya dawa, mapato ya kituo na idadi ya akina mama waliolazimika kuvushwa, huwa na la kuamua.

Wapo watakaosema maneno hayajengi daraja, na kwamba kuwasifu wananchi kwa kujisaidia ni kuipa serikali kisingizio cha kukwepa wajibu. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, Tanzania ya mwaka 1973 inatoa jibu. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefundishwa na vijitabu mkononi, na baada yake vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Serikali haikujitoa: ilileta redio, vitabu na walimu. Majadiliano yaliligeuza agizo likawa uamuzi wa kijiji. Kongo yenyewe imeweka mlango wa kudai. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu mamlaka za mitaa inazipa komini hadhi ya kisheria na bajeti, na Desemba 2023 madiwani wa komini katika miji mikuu ya majimbo walipigiwa kura. Diwani wa Alunguli anayeletewa malalamiko ya mdomo anaweza kuyasahau. Anayekabidhiwa orodha ya wagonjwa waliovushwa katika miezi sita ana hoja ya kupeleka kwa gavana.

Historia ina nafasi gani katika haya? Kitabu kinachojulikana zaidi cha Kiswahili kuhusu Maniema ya karne ya 19 ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na ni simulizi ya mfanyabiashara wa pembe aliyetawala kwa bunduki. Mauaji ya sokoni Nyangwe, Julai 15, 1871, tunayajua kwa kalamu ya Livingstone, aliyeona wanawake waliokuja na bidhaa zao wakipigwa risasi na wengine wakizama Lualaba; wauaji wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wanawake hao hawakuacha kitabu, wala wapagazi, wala watumwa ambao vizazi vyao leo ni Wamanyema wa Ujiji na Kigoma. Wengine wanaonya kwamba kuyafufua hayo, pamoja na uasi wa 1964 na vita vya 1998, ni kutonesha vidonda kati ya majirani. Lakini vidonda visivyozungumzwa huchukuliwa na wanasiasa, ambao huvisimulia watakavyo wakati wa kura. Barza inayowasikiliza wazee wa makabila yote mbele ya walimu wanaoandika, ikilinganisha simulizi moja na nyingine, huwanyima wachochezi nafasi hiyo. Kijana anayejua kwamba ukingo wake uliachwa nyuma na uamuzi wa kampuni ya reli hawezi kuamini kwamba uliachwa kwa uvivu wa babu zake.

Pingamizi la mwisho ni kwamba barza ni ya wazee na wanaume. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na wakongwe wakishika neno tangu mwanzo hadi mwisho, muuza mihogo na msichana aliyeacha shule hawasikiki. Dawa yake ni utaratibu: akina mama wawe na viti vya kuhesabika katika COPA na CODESA, vikao vifanyike saa ambazo soko limefungwa, na hesabu zisomwe kwa Kiswahili, lugha ya kila nyumba hapa, kabla hazijaandikwa kwa Kifaransa cha ofisi. Maazimio yaandikwe nakala tatu, moja shuleni, moja katika kituo cha afya, moja komini, na kikao kinachofuata kianze kwa kusoma kilichotimizwa na kisichotimizwa. Hayo hayahitaji mfadhili wala injinia. Yanahitaji daftari, katibu mwaminifu na wananchi wanaokataa kutawanyika kabla hesabu haijasomwa, na Alunguli, iliyojiendeshea shule zake miaka ambayo mishahara haikufika, ina watu hao.