Ukungu wa Njombe, Upepo wa Makambako

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima akiyasoma vibaya mawingu hupoteza mbegu, na mwakani hupanda tena. Rubani akiyasoma vibaya, huenda asipate mwakani. Kwa hiyo historia ya ndege katika Nyanda za Juu Kusini haiwezi kusimuliwa kwa kutaja ndege peke yake. Yatupasa tuanze na hewa.

Tuitazame miji miwili jirani, Njombe na Makambako. Kati yake pana mwendo wa kilometa 60 hivi kwa barabara, lakini anga zake ni kama za nchi mbili. Njombe iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa kusini-mashariki unaotoka upande wa bonde la Kilombero hulazimika kuipanda miinuko ya Lupembe. Ukipanda hupoa, na ukipoa unyevu wake hugeuka wingu. Wingu hilo likifika juu halina tena nafasi ya kuelea. Hulala juu ya mashamba ya chai na misitu, nasi huliita ukungu. Katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, asubuhi nzima yaweza kupita mtu asiione nyumba ya jirani yake.

Makambako iko chini zaidi. Hewa ikifika huko imekwisha kumwaga sehemu ya maji yake, na kinachobaki ni upepo mkavu. Upepo huo si wa mchezo. Vipimo vilivyochukuliwa huko mita 30 juu ya ardhi vilitoa wastani wa mita 8.9 kwa sekunde, na ndiyo maana Makambako, pamoja na Singida, imetajwa kuwa mahali pafaapo kwa umeme wa upepo. Basi rubani anayezunguka juu ya nchi hii huzuiwa macho upande mmoja, na upande wa pili husukumwa ubavuni.

Yuko adui wa tatu, naye haonekani kabisa: wepesi wa hewa. Katika kimo cha Njombe hewa imepungua uzito kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ile ya Dar es Salaam. Bawa hupata kidogo cha kuegemea, na injini hupata kidogo cha kuvuta. Mchana joto likifika nyuzi 20, ndege hujiona kama iko kwenye kimo cha mita 2,500 hivi. Itahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, na ikinyanyuka itapanda polepole.

Waliotangulia walilipa ada ya somo hili. Mwaka 1920, Waingereza na Waafrika Kusini waliposhindana kuruka mpaka Cape Town, ndege moja aina ya Vickers Vimy iliishia Tabora mwezi Februari, ilipoanguka wakati wa kuruka. Wiki iliyofuata Pierre van Ryneveld na Quintin Brand nao walianguka Bulawayo. Ndege yao ilikuwa nzito, na hewa ya kule juu haikuweza kuibeba. Wote wawili walipona, wakaletewa ndege nyingine, wakafika. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipoanza safari za kwenda Cape Town, ndege zake zilitua Dodoma na Mbeya. Mwaka 1937 njia hiyo kuu ikahamishiwa pwani, kwa ndege zinazotua majini, zikipitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi.

Lakini kuhama hakukuondoa milima. Tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya DC-3 ya East African Airways, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro. Watu wote 20 walikufa. Tarehe 6 Novemba 2022, zaidi ya nusu karne baadaye, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia Ziwa Victoria. Kati ya watu 43, wakafa 19. Miaka ilikuwa imepita, vyombo vilikuwa vimebadilika, lakini mvua na mawingu vilikuwa vilevile.

Sisemi kwamba hatukujifunza. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1929. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ikajitegemea, ikaunda Wakala wake mwaka 1999, ambao mwaka 2019 ulipandishwa kuwa Mamlaka. Hata hivyo, kwenye kiwanja kidogo kisicho na mitambo ya kumwongoza rubani gizani, kazi kubwa bado ni ya macho. Kanuni za kuruka kwa kutazama kwa kawaida humtaka rubani aone kilometa 5 mbele yake. Huko aliko angani hawezi kujua kama Njombe pamefunguka. Hutegemea neno la mtu aliye chini, anayetazama kilima anachokifahamu na kusema kweli: kinaonekana, au hakionekani. Mtu huyo akisema "panakaribia kufunguka" ili kumfurahisha mgeni anayesubiriwa, amemdanganya aliye hewani.

Na hapa ndipo Makambako inapostahili heshima yake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita hapo, sambamba na barabara kuu ya Zambia. Na katika miaka ya 1980 lami ikatoka hapo kupitia Njombe hadi Songea. Wengi huiona njia ya chini kuwa mshindani wa ndege. Mimi naiona kuwa mlinzi wake. Palipo na basi na treni, rubani ana ruhusa ya kusema "leo hapana," na abiria wake bado watafika, wakiwa wamechelewa. Ni mahali pasipo na njia nyingine ndipo mtu hushawishika kulijaribu wingu.

Kuchelewa huudhi, hasa kwa mwenye mgonjwa au mwenye msiba. Lakini tukitaka viwanja vya mikoani viwe salama, tusihesabu lami na majengo tu. Tumhesabu pia mtazamaji asiyeona haya kusema ukungu bado upo, na rubani asiyeona haya kugeuza.